Jedwali la Usingizi

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu, kitindamimba wa Mama,

Salamu nyingi, na wifi yangu mpe za kwake kabla hujaendelea, maana nakujua, ukishaanza kusoma unasahau watu. Sisi huku tunajikongoja. Mama anakula. Wiki iliyopita aliitumbukiza simu yangu kwenye ndoo ya maji, akasema inalia kama mtoto mchanga na hakuna anayeiogesha. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia kidogo, halafu nikaendelea kufua. Kwa hiyo kuanzia sasa ni barua, kama zamani.

Kazini bado niko kwenye mashine ya kunyooshea mashuka ya hoteli. Wawili tunaliingiza shuka huku, wawili wanalipokea kule. Mwezi uliopita nilianguka hapo. Si kuanguka kwa maana hiyo, nilijikuta tu nimekaa sakafuni bila kupanga. Wakanipeleka zahanati, daktari akanipima presha mara tatu, na mara ya tatu akakitazama kipimo kana kwamba ndicho kinachoumwa. Akasema, mama, wewe unatakiwa upumzike mwezi mzima, la sivyo utaanguka tena na safari ijayo hutainuka mwenyewe. Nikamuuliza huo mwezi unauzwa duka gani. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nimekwambia tu ujue. Likizo yako mwaka huu ni mwezi gani?

Dada yako.


Tarehe 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imekaa njiani wiki mbili na nusu, sijui ilikuwa inatembelea nani. Wifi yako anakuamkia. Hatujambo, ila goti lake la kushoto linamsumbua akipanda ngazi.

Habari ya presha imenitia hofu, sikufichi. Lakini tazama mambo yanavyokwenda. Wiki hiyohiyo kiwandani tuliletewa kazi ya kuchapa kijitabu cha afya, nakala elfu nne, kinahusu kupumzika na kuishi vizuri. Mimi ndiye niliyesimama kwenye mashine ya kukatia karatasi, kwa hiyo nilikisoma chote, kurasa thelathini na mbili, huku nakata. Dada, nilijiona mimi mwenyewe mle ndani. Lala muda wa saa nane. Tembea nusu saa asubuhi. Maji glasi nane. Kula umekaa. Mchana jinyooshe kidogo. Kaa kimya dakika kumi, na kila siku andika jambo moja lililokufurahisha. Nimeanza, leo siku ya kumi na mbili, na msimamizi wangu kaniuliza kama nimebadilisha dawa ya meno, eti nang'aa.

Nakutumia nakala mbili zilizokatwa vibaya. Pembeni zimekwenda upogo lakini maneno yote yamo. Mwishoni kuna majedwali ya kila mwezi: usingizi, kutembea, maji, furaha. Jaza, kata, nitumie, na mimi nitakutumia yangu. Tutasukumana hivyohivyo.

Likizo bado hawajapanga.

Nduguyo.


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Goti la wifi alikande kwa maji ya moto na aache kupanda ngazi kama anafukuzwa. Mama hajambo, juzi kanisifu kwamba nimekuwa msichana wa kazi mzuri na mwisho wa mwezi ataniongezea.

Kijitabu nimekisoma. Ukurasa wa tisa kuna mwanamke amelala kwenye mto mweupe anatabasamu. Nilikipeleka kazini, wenzangu wote wakautazama mto, hakuna aliyemtazama mwanamke. Wakasema foronya ile imepigwa pasi na mtu mvivu.

Nisikudanganye, nimejaribu. Kula umekaa: Mama hali akiwa amekaa. Anakula akizunguka meza, nami nyuma yake na kijiko, yeye kijiko kimoja mimi kimoja. Dakika kumi za kukaa kimya nilizijaribu Jumapili. Dakika ya tatu Mama alishavaa viatu vya marehemu baba na yuko barabarani anasubiri basi la kwenda kwa mama yake. Usingizi nao unakuja vipande vipande, kwa sababu anaamka mara tano, mara sita, na kila akiamka anataka kutoka.

Ni kitabu kizuri. Aliyekiandika ana mtu wa kumwachia mgonjwa. Mimi nilikuwa natafuta ukurasa unaosema mgonjwa anabaki na nani. Nimeutafuta kwenye nakala zote mbili, nikidhani labda uliukata kwa bahati mbaya.

Jedwali sijajaza. Likizo mmeshapangiwa?

Dada yako.


Tarehe 29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Goti limepoa, wifi yako anakushukuru. Nakutumia jedwali langu la Machi na la Aprili. Angalia safu ya usingizi, hakuna siku chini ya saa saba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na usinichukie kwa hili nitakalosema. Naona unakata tamaa kabla hujaanza. Kila mtu ana sababu za kutolala. Anza na glasi za maji, hizo hazihitaji mtu wa kukaa na Mama.

Likizo nimepewa Juni, siku ishirini na nane. Nimefikiria kuja. Lakini unajua mara ya mwisho ilivyokuwa, sina haja ya kuirudia hapa. Tufanye hivi: nitumie jedwali la Mei, hata likiwa baya. Nikiona kwa maandishi kwamba hali ni mbaya, nitajua la kufanya.

Nduguyo.


Tarehe 24 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi. Mama mzima, mimi mzima.

Jedwali hilo hapo. Utajionea mwenyewe. Saa saba, saa saba, saa nane. Kutembea natembea kwenda kazini na kurudi. Presha daktari anasema imeshuka. Safu ya furaha nimejaza siku zote isipokuwa mbili.

Basi usiwe na wasiwasi. Mashine inaniita.

Dada yako.


Tarehe 5 Julai

Dada yangu wee,

Shikamoo. Wifi yako anakuamkia na goti lake jipya. Hujui jedwali lako lilivyotufikia. Nilikuwa nimeshaulizia tiketi ya basi, begi liko wazi kitandani, na roho yangu, nikwambie kweli, ilikuwa nzito kama gunia la maji. Nikafungua bahasha. Saa saba, saa nane. Nilikaa kitandani nikasema ahsante Mungu, mara tatu, mpaka wifi yako akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo likizo tulikwenda kupumzika, mimi na yeye, kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa. Sijawahi kufanya kitu kama hicho maishani. Tulilala mpaka jua linaingia dirishani. Tulitembea pembeni ya maji asubuhi, tulikula tumekaa, na siku moja nilikaa kimya dakika arobaini bila kujua. Nilikuwa na furaha, dada. Sikumbuki mara ya mwisho kusema neno hilo nikiwa namaanisha. Na kilichonipa nafasi ya kuwa na furaha ni kujua kwamba wewe unalala.

Barua ijayo nitumie la Juni.

Nduguyo.


Tarehe 26 Julai

Mdogo wangu,

Nimefurahi mmepumzika. Ulikuwa umechoka tangu utoto, wewe ndiye mtoto aliyekuwa akisinzia anakula.

La Juni hili hapa.

Dada yako.


Tarehe 30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani, kwenye meza hii anayoizunguka Mama.

Sijui waliokuhamisha walikueleza kiasi gani. Msimamizi wako wa pasi alipiga simu kiwandani kwetu tarehe kumi na saba, akasema umeanguka kwenye mashine, ni kiharusi, mkono wa kulia na mguu havifanyi kazi. Nilisafiri siku hiyohiyo. Nilipofika walishakupeleka huko kwenye kituo cha mazoezi ya viungo, na Mama alikuwa kwa jirani tunayepakana naye ukuta, amefungiwa chumbani kwa usalama wake. Nimeuliza kama naweza kukupigia, wakasema simu mnaziacha getini na wageni hawaruhusiwi miezi minne ya mwanzo. Daktari wenu kanisisitizia kwamba usipewe habari yoyote ya kukushtua. Kiwandani wamenipa miezi mitatu bila mshahara. Wifi yako amebaki kule na kazi yake.

Nilikuwa natafuta vyeti vyako vya zahanati nikakuta kile kijitabu. Nilitaka kuona jedwali la Julai. Dada, umeshayajaza yote mpaka Desemba. Saa saba, saa nane, saa saba, kwa kalamu moja, siku moja. Hata siku ya Krismasi umeshaandika kwamba ulitembea nusu saa.

Kwa nini?

Nduguyo.


Tarehe 19 Septemba

Mdogo wangu

Naandika kwa kushoto usicheke. Barua moja inachukua siku tatu.

Ulisema ukiona hali mbaya utajua la kufanya. Nilishika kalamu niandike saa tatu, maana ndizo nilizokuwa nalala. Nikaona nitakuwa naomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Nikaandika saba. Nilitaka uje bila kuitwa.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Ulifurahi sana. Nikayajaza yote nisipate shida kila mwezi.

Huku nalala. Saa tisa, saa kumi. Chakula wanakuletea kitandani. Hakuna anayeniita. Ningesema napumzika ila ninaamka mkono haupo, na sioni nimepumzika kwa ajili ya nini.

Sikiliza. Mama chai hanywi mpaka wewe uonje kwanza mbele yake. Ukimwogesha anza na miguu. Usimwite Mama, anakataa, anasema hana mtoto mkubwa hivyo. Mwite dada.

Ananiulizia?


Tarehe 8 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya mkono wa kushoto nimeisoma, nimeikunja, nimeisoma tena. Hayo ya Mei yananiuma. Niache kwanza.

Siku ya kwanza Mama alinipigia kelele za mwizi, kama mara ile. Unakumbuka mara ile majirani walikuja na fimbo, na siku ya tatu nikakwambia kiwandani wameniita haraka? Hakuna aliyeniita. Niliogopa. Siyo fimbo, niliogopa uso wake alivyonitazama, mama yangu mzazi. Nilikaa miaka minne nikikupa ushauri kwa mbali kwa sababu ya uso ule. Nimeshasema.

Sasa hanipigii kelele. Ananiita fundi wa mabomba. Anauliza bomba lenyewe litapona lini. Naonja chai, naanza na miguu, namwita dada. Sijalala saa mbili mfululizo tangu nifike. Asubuhi naweka sukari mara mbili kwenye kikombe kimoja. Jana nililia jikoni kwa sababu kijiko kilianguka. Wewe umefanya haya miaka minne, na ukienda kazini unasimama kwenye moto wa mashine, na mimi nikakwambia anza na glasi za maji. Ningekuwa wewe ningekitia kile kijitabu motoni.

Kukuulizia, huwa anataja majina mengi.

Nduguyo.


Tarehe 25 Oktoba

Mdogo wangu

Marahaba. Kidole gumba cha kulia kimetikisika. Muuguzi alipiga makofi. Mimi sikupiga, nina mkono mmoja.

Nimekusamehe Mei. Sijui kama nimeisamehe Juni yenu ya ziwani, lakini nitajitahidi.

Usijiue kwa kukosa usingizi. Presha hii ni ya ukoo. Mama akishakula mchana hutulia kwenye kiti chake karibu na mlango. Anaweza kutulia hata saa nzima. Mimi saa hiyo nilikuwa kazini, jirani alikuwa anamchungulia, kwa hiyo sikuwahi kuitumia. Itumie wewe. Jinyooshe nusu saa, kama kijitabu chako kinavyosema. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwako, nami nimeupata kwako.

Hujanijibu kama ananiulizia. Kutaja majina si jibu.


Tarehe 20 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia habari ya kidole. Wifi yako amekuja kunitembelea wiki hii, anakuamkia, na goti limemruhusu safari yote.

Mimi hali yangu ni nzuri kidogo kuliko ulipoisikia mara ya mwisho. Asubuhi natembea mpaka kule kwenye daraja na kurudi. Nimepaka rangi dirisha la jikoni. Jana mimi na wifi yako tulikunywa chai kibarazani, tukazungumza mpaka jua likazama. Usingizi umerudi.

Mama ametulia. Hasumbui mtu. Wewe fanya mazoezi yako, usiwaze ya huku, daktari wenu amesema utulivu ndiyo dawa yako. Nimeomba kiwandani waniongeze mwezi, wamekataa, lakini tutapanga ukitoka.

Nduguyo.


Tarehe 4 Desemba

Mdogo wangu

Barua yako nimeisoma nikafurahi. Niliiweka chini ya mto. Nikala chakula cha mchana. Halafu nikaitoa tena.

Umetembea mpaka darajani na kurudi. Ni nusu saa na zaidi. Nani alikuwa na Mama?

Wifi yangu amekuja kutoka mbali na huniambii Mama alimpokeaje, alimwita nani, alimfukuza au vipi. Mlikunywa chai mpaka jua likazama. Saa hiyo ndiyo anayovaa viatu. Miaka minne sijawahi kuliona jua likizama, nilikuwa namshika mkono barabarani.

Nimewaambia wauguzi sijambo, na ni kweli sijambo, nimekaa kitandani kimya. Usiniandikie habari ya utulivu. Nimetulia vya kutosha.

Alikufa lini? Na alikuwa na nani?


Tarehe 15 Desemba

Dada,

Tarehe mbili Novemba, siku ya Jumanne. Tulimzika kesho yake pembeni ya baba. Daktari wenu alinikataza kukwambia, lakini sisemi ni yeye. Ni mimi niliyeona ni rahisi kumtii.

Barua yako ya kidole ilifika siku ileile asubuhi. Nilimpa chakula, akala vizuri, tulizunguka meza mara sita tu. Akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akatulia kama ulivyosema. Nikajinyoosha. Nilikusudia nusu saa. Niliamka saa kumi na moja, naye alikuwa kwenye kiti hichohicho, kichwa kimeegemea ukuta, mikono ya baridi. Daktari aliyekuja alisema ni moyo, na kwamba hata mtu angekuwepo asingeweza kufanya kitu. Sijui kama huwa wanamwambia kila mtu hivyo.

Uliniuliza mara mbili kama anakuulizia. Alikuwa anakuulizia kila siku, dada, kuanzia siku niliyofika. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu ungetoka humo kwa magoti. Jirani tunayepakana naye ukuta anasema mchana ule alimsikia akiita jina lako, kwa sauti ya kawaida tu, mara kadhaa, halafu akanyamaza. Jirani alidhani mimi niko naye. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka alipokaa na sikusikia.

Kuna jambo moja ambalo wifi yako sijamwambia, na sitamwambia mtu mwingine. Nilipofumbua macho siku ile, kabla sijageuka kumtazama, nililala pale kidogo nikisikiliza nyumba ilivyo kimya. Kichwa kilikuwa chepesi, mgongo hauumi. Nilijisikia vizuri, dada. Sikuwa nimejisikia vizuri hivyo tangu nifike.

Nduguyo.